Duka la DVD za zamani Livorno na zile muvi tatu za John Kitzmiller nilizochukua pale

Mi nakaa Pisa, Italia, mwaka wa nne sasa na Livorno naenda karibu kila wiki maana ni treni ya dakika 15 hivi tu, na kuna kaduka kamoja ka DVD na kaseti za zamani mitaa ya nyuma ya soko kuu la vyakula, lile la pembeni ya mfereji, nilikuwa nakapita siku zote bila kuingia mpaka mwezi uliopita mvua ikanikuta mtaani nikaingia kujibanza. Nimetoka na DVD tatu kwa euro 18 na tangu siku hiyo sijatulia, kwahiyo acha niandike yote, ya duka, ya hizo DVD, na ya huyo jamaa aliyenifanya nizinunue.

Jamaa anaitwa John Kitzmiller. Jina labda hulijui ila sura unaweza ukawa unaijua, kama umewahi kuona ile James Bond ya kwanza kabisa, Dr. No ya 1962, yule mwenye mashua kule Jamaika anayeitwa Quarrel ndo yeye. Mi nilimuona nikiwa darasa la tano kwenye kibanda cha video Tanga, tumebanana kwenye mabenchi, na jamaa wa kutafsiri ametuzoesha kwamba stelingi hafi, anayekufa ni rafiki wa stelingi, na kweli ikafika ile gari ya adui iliyotengenezwa kama joka linalotema moto, ikamchoma Quarrel pale pale, Bond akaendelea na safari yake. Watoto wenzangu walikuwa wanasubiri ngumi, mi nilibaki na yule mzee wa mashua kichwani. Kuna sehemu Bond anamwambia amletee viatu vyake na yeye anavileta, hiyo nayo sikuisahau, iliniuma hata kabla sijajua kwa nini inaniuma.

Sasa ndani ya duka. Ni chumba kimoja kirefu, rafu mpaka darini, DVD zimepangwa kwa majina ya waongozaji, De Sica huku, Fellini kule, Lattuada chini kabisa karibu na sakafu, ukitaka waigizaji wadogo itabidi uwe unajua wameigizia nani. Nikachuchumaa nikavuta moja inaitwa Senza pietà, Kiitaliano hicho maana yake bila huruma, kava ya mbele ni msichana mzungu peke yake, nikageuza nyuma kuna picha ndogo kama stempu ya mtu mweusi kavaa magwanda ya jeshi. Nikasema huyu namjua. Nikampelekea mzee mwenye duka kule mezani nikamuuliza huyu si yule wa James Bond, mzee akavua miwani akacheka akasema ndiye, ila kabla ya James Bond alikuwa wa kwetu hapa miaka 15 nzima. Alafu akaanza kunitolea DVD, moja huku moja kule, bila hata kuangalia rafu, mkono unajua wenyewe. Huduma ya namna hiyo sijaipata duka lolote la hapa Italia na nimeingia mengi. Hakuniharakisha, hakunifuata fuata kama wengine wanavyofanya wakimuona mtu mweusi anagusa vitu, alinivutia kiti nikae.

Historia yenyewe kwa kifupi ni kwamba Kitzmiller alizaliwa 1913 Battle Creek, Michigan, mji ule zinakotoka kornfleksi za Kellogg, akasoma uhandisi wa kemikali chuo kikuu cha Michigan, alafu Vita vya Pili vikamleta Italia na jeshi la Marekani kwenye kitengo cha wahandisi. Vita ikaisha hakurudi kwao. Na mi sishangai, maana jeshi alilokuja nalo lilikuwa linawatenga weusi kwenye vikosi vyao peke yao mpaka Rais Truman alipotoa amri ya kuacha, na hiyo ilikuwa 1948. Ila pia tusijidanganye kwamba Italia ilikuwa peponi, hawa walikuwa wametoka kuivamia Uhabeshi 1935 na kutunga sheria za ubaguzi wa rangi 1938, yani mtoto wa Kiitaliano aliyesoma wakati ule alikuwa amefundishwa shuleni kabisa kwamba mtu mweusi ni wa chini. Ndo kwenye nchi hiyo hiyo, miaka miwili tu baada ya vita, mhandisi mmoja mweusi anatokea kwenye skrini za kila mji na watu wanamlilia. Hilo jambo ni kubwa na kwenye kava zote tatu nilizonunua halijaandikwa hata mstari mmoja.

Nianze na ya kwanza, Vivere in pace, ya 1947, ya Luigi Zampa. Kijiji cha milimani, Wajerumani bado wapo, tena kijiji kizima kina Mjerumani mmoja tu anaitwa Hans, na mkulima mmoja anaitwa mjomba Tigna anawaficha Wamarekani wawili waliotoroka, mmoja mzungu mmoja mweusi kajeruhiwa. Tigna ni Aldo Fabrizi, yule aliyekuwa padri kwenye Roma città aperta, mtu mzito kwenye sinema ya huku, na Kitzmiller ndo hiyo muvi yake ya kwanza kabisa, ni mtu ambaye jana alikuwa anajenga madaraja leo yuko mbele ya kamera na Fabrizi. Sasa kuna usiku Hans anakuja nyumbani kwa Tigna kukaa kunywa, na Joe, huyo mweusi, amefichwa kule chini kwenye mvinyo, na kule chini naye si akaanza kunywa. Juu Mjerumani analewa, chini Mmarekani analewa, wenye nyumba wanahangaika kuficha ile kelele, jasho linawatoka. Mpaka Joe anavunja mlango anatokea.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo sehemu niliyorudia mara nne. Mke wangu Kiitaliano chake bado, na hizi DVD hazina maandishi ya chini ya Kiingereza, yapo ya Kiitaliano tu kwa ajili ya viziwi, kwahiyo tulikuwa tumekaa kwenye kochi mi nashika rimoti, nasimamisha, namtafsiria, naendelea, kama yule jamaa wa kibanda cha Tanga. Ilipofika pale Joe amesimama mlangoni nikasahau kutafsiri. Mwanaume mkubwa, mabega yanajaza mlango, na unaona usoni kwake hajui kama anaenda kuua au kuuawa, na Hans vilevile, wanaangaliana, kimya, alafu pombe inashinda vita wanakumbatiana wanaanza kupiga kelele kwamba vita imeisha. Mke wangu akasema acha, usiniambie, nimeelewa. Kijiji kizima kinatoka nje kinacheza. Asubuhi pombe ikitoka kichwani ndo wanakumbuka kwamba vita haijaisha na Wajerumani wenyewe wako njiani, na mwisho wake unauma, sitausema. Muvi hii ilipewa tuzo ya muvi bora ya kigeni na wahakiki wa New York mwaka huo huo wa 1947.

Kitu cha kuelewa ni kwamba Italia ya wakati ule sauti karibu zote zilikuwa zinaingizwa studio baadaye, sio zile za pale pale kwenye kamera, kwahiyo ukiangalia waigizaji wa zamani wa huku angalia mwili, usisikilize tu. Na kwenye mwili ndo Kitzmiller anakushika. Ana mikono mikubwa na anaitumia taratibu sana, anachukua kikombe kama kitavunjika, anamshika mtoto kama ameazimwa. Mtu hajasomea uigizaji popote lakini anajua kunyamaza, na kunyamaza mbele ya kamera ni kazi ngumu kuliko kuongea.

Ya pili ndo hiyo Senza pietà, 1948, ya Alberto Lattuada, na kwa mimi hii ndo yenyewe, kama una hela ya moja tu chukua hii. Inahusu hapa hapa nilipo. Kati ya Pisa na Livorno kuna msitu wa misonobari unaitwa Tombolo, treni yangu inaupita kila wiki, na baada ya vita ule msitu ulikuwa umejaa wanajeshi weusi wa Kimarekani waliotoroka kambini, wasichana wa Kiitaliano wanaojiuza kwa sababu ya njaa, sigara za magendo, petroli za magendo, mablanketi. Bandari ya Livorno ndo ilikuwa bandari ya vifaa vya jeshi la Marekani. Kitzmiller aliigiza habari za msitu huo mara mbili, kuna nyingine ya 1947 ya Giorgio Ferroni, Tombolo, paradiso nero, humo yupo tena na Fabrizi, ila hiyo mzee hana dukani. Kwenye hii ya Lattuada yeye anaitwa Jerry. Msichana anaitwa Angela, ni Carla Del Poggio, amekuja na treni ya mizigo kumtafuta kaka yake Livorno, Jerry anapigwa risasi na msichana anamsaidia, na kuanzia hapo Jerry hamwachi. Angela anaingia mikononi mwa watu wabaya wa mjini, Jerry anajaribu kumtoa, anaiba kwa ajili yake, anafungwa, anatoroka. Sio mapenzi ya kubusiana, hilo wasingelikubali wakati ule, ni watu wawili ambao hakuna anayewataka. Na angalia hesabu ya kazi aliyofanya, jina la kwanza kwenye kava ni Del Poggio, picha ni Del Poggio, lakini Jerry yupo kwenye kila dakika yenye uzito, ukimtoa hakuna muvi. Anaitwa mwigizaji wa pembeni mtu ambaye anabeba nyumba nzima mgongoni.

Mwisho nitausema kwa sababu bila huo sitaeleweka. Angela anachukua risasi iliyokuwa ya Jerry. Jerry anambeba anamuweka kwenye lori lake la jeshi, anaendesha kuelekea baharini na hasimami. Hakuna maneno, hakuna hotuba. Nimeiangalia hiyo usiku, kesho yake asubuhi nina safari ya Livorno, treni ikapita kwenye ile misonobari mi nimeegemea dirisha, jirani yangu anakula mkate wake, kila mtu yuko na simu yake, na mimi natafuta lori.

Kwenye hiyo muvi rafiki wa Angela ni Giulietta Masina, ndo kwanza anaanza, na mmoja wa walioandika ni mume wake Federico Fellini kabla hajawa Fellini tunayemjua. Masina akapata tuzo ya Italia ya mwigizaji msaidizi kwa kazi hiyo. Weka hilo akilini nitalirudia.

Ya tatu ni Luci del varietà ya 1950, Lattuada na Fellini wameongoza pamoja, hiyo ndo muvi ya kwanza ya Fellini kukaa kiti cha muongozaji na yeye mwenyewe alikuwa anaihesabu kama nusu. Humu Kitzmiller ana kipande kidogo sana na nisikudanganye, kama unanunua kwa ajili yake tu utaona umepunjwa, muvi ni ya Peppino De Filippo, bosi wa kikundi cha maonyesho ya jukwaani kilichochoka. Ila kipande chenyewe, Peppino hana pa kwenda usiku, anazunguka Roma barabara tupu, na anakutana na Mmarekani mweusi anaitwa Johnny anapiga tarumbeta. Basi. Dakika chache. Muvi nzima watu wanadanganyana wanaibiana nafasi wanauza ndoto, alafu anatokea huyu mtu mmoja anayepiga kwa sababu anapenda kupiga. Mi nafikiri pale Fellini alipata kitu alichokuja kukitumia maisha yake yote, mtu wa usiku na muziki wake barabarani, ni maoni yangu hayo, ila ukiangalia muvi zake za baadaye utaniambia.

Ubora wa DVD zenyewe sasa. Vivere in pace picha iko safi kiasi, nyeusi na nyeupe imetulia, sauti ina mvumo kama mvua ya mbali lakini unazoea baada ya dakika kumi. Senza pietà ndo ilinikasirisha, kopi ya kwanza niliyopewa iliganda dakika ya 50 hivi, pale pale kwenye moto, nikafuta na kitambaa, nikajaribu deki nyingine, nikajaribu laptopu, wapi. Na kava yake nimeshasema, kumfanya mtu aliyebeba muvi awe stempu ya nyuma ni kosa la kampuni iliyochapisha na halina sababu, mwaka 1948 tungesema walikuwa wanaogopa, DVD ni kitu cha juzi walikuwa wanaogopa nini. Jina lake pia limekosewa, wameandika z pungufu. Luci del varietà haina tatizo lolote, ina na mahojiano ya mtaalamu mmoja mwishoni ambaye anaongea vizuri ila kwa dakika zote hizo Kitzmiller hamtaji.

Ile iliyoganda niliirudisha wiki iliyofuata, mzee hakuuliza risiti, aliiangalia kwenye mwanga akaona mkwaruzo mrefu, akaenda nyuma akarudi na nyingine akaiweka kwenye mashine yake pale dukani tukaipeleka mbele mpaka dakika ya 50 tuone inapita. Ikapita. Tukabaki tunaangalia wote wawili tumesimama, na mteja mwingine mama mmoja mwenye kapu la samaki kutoka sokoni akasimama na yeye, akasema mama yake alikuwa anafua nguo za wanajeshi wa Kimarekani enzi hizo, walikuwa wanamlipa kwa sabuni na chokoleti. Akaondoka na samaki wake. Ndo duka lilivyo.

Siku hiyo ndo nikamsimulia mzee lile ambalo watu wengi hawalijui na yeye kumbe alilijua ila hakuwa amelifikiria hivyo. Mwaka 1957 tamasha la muvi la Cannes, kule Ufaransa, tuzo ya mwigizaji bora wa kiume walimpa Kitzmiller, kwa muvi ya Yugoslavia inaitwa Dolina miru, bonde la amani, ya France Štiglic, yeye ni rubani wa Kimarekani ambaye ndege yake imeangushwa, anakutana na watoto wawili yatima wanaotafuta mahali pasipo na vita. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuipata hiyo tuzo. Na tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo huo, usiku huo huo, alipewa nani? Giulietta Masina, kwa Le notti di Cabiria ya Fellini. Yani wale wawili wa pembeni wa Senza pietà, wale wa majina madogo, miaka tisa baadaye ndo wameshika tuzo mbili za juu za uigizaji za Cannes pamoja. Nikimwambia mzee hivyo akanyamaza alafu akasema Masina akawa malkia. Akaishia hapo, hakusema yule mwingine akawa nani, na mimi sikuhitaji aseme.

Maana baada ya Cannes mwingine yeyote angepandishwa. Yeye aliendelea kupewa watumwa, mabaharia, walinzi, rafiki wa stelingi. Miaka mitano baada ya kushika tuzo ya mwigizaji bora duniani anaambiwa na James Bond amletee viatu. Kazi yake kubwa ya mwisho ni Mjomba Tom, ile ya Wajerumani ya Géza von Radványi, humo ndo kiongozi wa muvi kabisa, ilitoka 1965, yeye alikuwa ameshafariki Roma mwezi wa pili mwaka huo huo ana miaka 51. Jerry anakufa, Quarrel anakufa, Tom anakufa. Nikiangalia Dr. No sasa naangalia mikono yake anavyoshika kamba za mashua, ni ile ile mikono ya Jerry kwenye usukani, hajapunguza kitu, anafanya kazi kamili ndani ya nafasi ya robo.

Kwahiyo ushauri wangu, ukifika Livorno shuka ukale samaki wako, alafu zunguka nyuma ya soko utakaona tu, kana mlango wa kijani na boksi la DVD za euro moja moja nje. Zile za euro moja zijaribu kwanza dukani mwambie mzee aziweke kwenye mashine, hakatai. Kama hujui Kiitaliano muulize kabla ya kulipa zipi zina maandishi ya Kiingereza, anazo chache kaziweka kushoto. Angalia kwa mpangilio wa miaka, 1947, 1948, 1950, usianze na ya Fellini kwa sababu ya jina lake. Kadi hapokei, nenda na keshi. Na mchana anafunga, ukienda saa nane utakuta mlango tu, nenda kuanzia saa kumi.

Dolina miru hana, ameniandikia jina langu na namba kwenye daftari akasema ataitafuta. Na wiki iliyopita nilivyopita nimekuta amebandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye rafu ya usawa wa macho, ameandika kwa kalamu ya wino KITZMILLER, z ipo, DVD zipo mbili tu. Moja ni Senza pietà, tumeijaribu mpaka mwisho, inacheza.